Kutoka Kamalondo hadi Ndola: siku nne za msafara wa mashabiki

Kati ya mechi kubwa za ugenini, iliyo karibu kuliko zote kwa shabiki wa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi huku Kongo, iko nje ya nchi. Kinshasa haiendeki kwa basi mwisho wa juma. Ndola, mji wa Zambia, inaendeka: kama kilomita 240 kutoka Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi wenye uwanja wetu, lami mwanzo hadi mwisho, mpaka mmoja tu katikati. Nafasi hiyo haiji kila mwaka. Ilikuja msimu wa 2019–20, Mazembe ilipopangwa kundi moja na Zesco United ya Ndola, pamoja na Zamalek na Primeiro de Agosto, kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Itakuja tena, na ikija watu wataanza kuulizana usiku wa manane: basi lipi, hati gani, ngoma nani anabeba.

Ratiba hii ni ya mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri, kwa msafara wa watu 26 ndani ya Coaster ya viti 29. Viti vitatu vinavyobaki si vya wageni wa dakika ya mwisho. Ni vya fanfari, yaani bendi yetu ya ngoma na tarumbeta.

Alhamisi, Lubumbashi

Orodha ya majina inafungwa leo asubuhi. Jina haliingii kabla ya makuta, yaani pesa, kuingia, hata kama mwenye jina ni mdogo wake mwenyekiti. Ukilegeza hapo, Ijumaa alfajiri utakuta watu 31 kwenye geti na wote wanasema walimwambia fulani.

Pesa zinagawanywa bahasha tatu: ya basi na mafuta, ya mpaka, ya dharura. Ya dharura isipungue sehemu moja ya kumi ya jumla, na isifunguliwe na mtu mmoja. Mweka hazina anashika bahasha, katibu anashika daftari, na wawili hao wasiwe ndugu. Dola ziwe ndogondogo, za tano, kumi na ishirini, tena safi. Noti iliyochanika ncha au iliyopigwa muhuri haipokelewi Lubumbashi, sembuse mpakani.

Hati ndizo zinazoharibu safari kuliko kufungwa mabao. Kila mtu aonyeshe mkononi, si kwa maneno: pasipoti yenye muda wa kutosha, viza kama inadaiwa (jibu linatolewa kwenye konseli (ubalozi mdogo) ya Zambia mjini hapa, liulizwe wiki mbili kabla), na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dereva naye aonyeshe kadi ya gari, barua ya mwenye basi inayomruhusu kulivusha, na bima ya COMESA, ile inayoitwa pia kadi ya njano. Mashabiki hawajaacha kuchekea jambo hilo: kadi mbili za njano ndizo zinazokuruhusu kuingia, na ukikosa moja unatolewa nje.

Orodha ya abiria inapigwa chapa nakala tano: ya DGM (uhamiaji wa Kongo), ya uhamiaji wa Zambia, ya polisi, ya dereva, ya kiongozi wa msafara. Majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule wa pasipoti. Sisi Wakongo tuna majina matatu, na ofisa wa upande wa pili anatafuta mawili. Katibu akiandika jina la kanisani kwanza wakati pasipoti imeanza na jina la ukoo, mtu mmoja anageuka watu wawili, na foleni nzima inasimama hadi hao wawili wapatanishwe.

Mchana ni wa vyombo. Fanfari ya msafara mdogo ni ngoma kubwa moja ya kuvaa kifuani, ngoma ndogo mbili zenye nyuzi chini, tarumbeta mbili na tromboni moja. Zaidi ya hapo ni mzigo. Ngozi ya ngoma kubwa ikaguliwe ukingoni, si katikati, maana huchanikia pale inapokunjwa na pete. Skrubu zinakazwa kwa kuvuka: ukikaza ya juu, inayofuata ni ya chini yake moja kwa moja, kisha kushoto, kisha kulia, nusu mzunguko kila moja. Anayekaza kwa kuzunguka duara anapinda pete, na ngozi inapasuka kipindi cha kwanza. Mkazo wa mwisho haufanywi leo. Ngozi ya plastiki hulegea kwa joto na kujikaza kwa baridi, kwa hiyo sauti iliyopatikana Kamalondo kivulini haitakuwa ile ya Ndola juani. Hatua za makundi huangukia majira ya mvua, na hapo ngozi ya mnyama ni ya kuacha nyumbani: ikilowa inalia kama godoro. Begi la ngoma libebe ngozi moja ya akiba, ufunguo wa skrubu, mkanda wa kubandika na fimbo mbili za ziada.

Tarumbeta zinapakwa mafuta kwenye vali na kupulizwa dakika tano. Ikiwa vali moja inakwama leo, kesho kutwa itakwama bao likiingia.

Bango la kitambaa: mita nane kwa moja na nusu linatosha, linakunjika, na watu wanne wanalimudu hata upepo ukivuma. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 60. Rangi iwe ya maji, mikono miwili, ikauke usiku mzima. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri siku ya kwanza, halafu inagandana ndani ya mkunjo na kubanduka vipande. Pindo la juu liwe na kamba ndani yake na macho ya chuma kila mita moja, kwa sababu misumari na fimbo ndefu hazipiti getini.

Maneno ya bango yajadiliwe na watu wasiopungua watatu. Rais wa klabu tangu 1997, Moïse Katumbi, ni mwanasiasa pia, na daima atatokea kijana anayetaka kuchanganya kampeni na mpira. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, haimwadhibu kijana huyo, inaiadhibu klabu: faini, au mechi ya nyumbani bila watazamaji. Mwaka 1939 wa kuanzishwa klabu na nyota za mataji matano ya Afrika vinatosha kujaza mita nane. 1967, 1968, 2009, 2010, 2015.

Jioni kila mtu analala kwake. Mkesha wa kuimba usiku wa kuamkia safari ni ushabiki wa bei rahisi: sauti inaishia mitaa ya Kenya na Katuba hapa hapa Lubumbashi, na Ndola wanafika watu wamekauka koo.

Ijumaa, Kasumbalesa na barabara ya shaba

Saa kumi na moja alfajiri basi linaondoka, si linawashwa. Sababu ni malori. Barabara ya Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani, inabeba shaba na kobalti ya Katanga kwenda bandarini na kurudisha mafuta, asidi na chokaa, na kufikia katikati ya asubuhi foleni ya malori inaweza kunyoosha kilomita kadhaa kabla ya mpaka. Basi la abiria halikai kwenye foleni hiyo, lakini lazima lipite kando yake, na nafasi ya kando hupungua kila saa.

Watu wanahesabiwa kwa sauti, kila mmoja akitaja namba yake, moja hadi 26. Kila mtu anakariri namba yake na ya jirani yake. Kuhesabu vichwa kwa kidole hakufai: aliyelala kaegemea dirisha na aliyeinama kutafuta kiatu wote hupotea. Namba zitaitwa tena kila kituo, hadi Jumapili.

Nguo za leo ni za kawaida. Jezi zimo begini. Watu 26 wa nyeusi na nyeupe wakishuka pamoja Kasumbalesa wanavuta kila mbadilisha pesa, kila mbeba mizigo na kila anayejitolea "kusaidia" hati zipite haraka.

Kilomita takribani 90 zinaliwa kwa saa moja na nusu hadi mbili, pamoja na kusimama kwenye kituo cha kulipia barabara. Chakula ni cha mkononi: mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu.

Kasumbalesa ni mji ulioota juu ya kusubiri. Anza na kwacha, kabla ya foleni. Mweka hazina anakwenda na mtu mmoja tu, wanabadilisha fungu dogo la safari nzima, na wanahesabu wenyewe noti moja moja juu ya meza. Mbinu ya zamani ni noti iliyokunjwa katikati ya fungu ili ihesabike mara mbili. Nyingine ni kupenyeza noti zilizochapwa kabla ya Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake: noti ya 50,000 inampendeza mgeni macho, na dukani haikununulii hata maji. Ukimpa mbadilishaji pesa zako kwanza, umempa pia muda wa kuvunja hesabu. Pokea, hesabu, ndipo utoe.

Baada ya hapo mpangilio ni huu: meza ya afya na kadi ya chanjo, dirisha la DGM kwa muhuri wa kutoka, kisha abiria wanavuka kwa miguu huku basi likipita njia yake na dereva na katibu. Upande wa Zambia ni afya tena, uhamiaji, halafu gari: kibali cha kuingiza kwa muda, ushuru wa barabara, bima. Foleni ya watu ikichukua saa moja, ya gari huchukua mbili, kwa hiyo dereva apewe makaratasi na pesa zake mwanzo, asimtafute mweka hazina katikati ya umati.

Vyombo vya muziki vitangazwe kabla havijaulizwa. Karatasi moja: aina ya chombo, rangi, namba ya kiwandani kama ipo, muhuri wa forodha ya Kongo wakati wa kutoka. Bila karatasi hiyo, Jumapili tarumbeta yako ya miaka yote itahesabiwa kuwa umeinunua Ndola, na utalipia ushuru wa mali yako mwenyewe.

Linaloharibu mpaka si ukali wa maofisa. Ni mtu wa kwetu aliyebeba vitenge sita vya kumuuzia shangazi Chingola. Begi lake likifunguliwa, mabegi 26 yanafunguliwa. Biashara ni kazi ya heshima na ina siku zake, lakini siku hii si yake, na aliyeificha asipate kiti safari ijayo. Hapo kiongozi asione haya.

Ng'ambo ya mpaka gari linahamia kushoto. Hili linaonekana dogo hadi basi lisimame kwa mara ya kwanza. Basi lenye mlango wa kulia, likiegeshwa ukingoni mwa barabara ya Zambia, linafungua mlango wake katikati ya njia, mbele ya malori. Mtu aliyekaa saa tano na kibofu kimejaa hashuki kwa kutazama. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: basi lisimame ndani ya kituo cha mafuta au uwanja wa soko, kamwe si kando ya lami. Kijana mmoja aliyepangwa anashuka kwanza, anasimama nje kwa mkono ulionyooshwa, na wengine wanapita nyuma yake. "Yaya, mulango iko upande ya barabara, angaria!" Sentensi hiyo itasikika mara nyingi leo, na asiichoke anayeisema.

Saa hazibadilishwi. Lubumbashi na Zambia zinatumia saa ile ile. Ni Kinshasa iliyo nyuma yetu.

Chililabombwe ni mwendo mfupi, chini ya kilomita 20. Kisha Chingola, kisha Kitwe, halafu Ndola, na anayejua mpira wa Katanga hajihisi mgeni popote hapo. Kila mji una mgodi na kila mgodi ulizaa timu: Konkola Blades, Nchanga Rangers, Nkana, Power Dynamos. Nkana ilifika fainali ya Afrika 1990 na kupoteza kwa penalti mbele ya JS Kabylie. Power Dynamos ilichukua Kombe la Washindi 1991. Kwetu pia mpira ulitoka mikononi mwa waajiri na mapadri. Mazembe ilianzishwa na Wabenedikto, Saint-Éloi Lupopo ilikuwa ya watu wa reli, zote mbili 1939. Sokoni Kibemba kinaeleweka pande zote mbili, na nshima, ugali wao, ni bukari yetu isiyochanganywa muhogo.

Kitu kingine cha kuelewa kabla ya kufika: Mazembe ina wapenzi wengi huku. Wazambia walioichezea hawahesabiki kwa vidole vya mkono mmoja. Rainford Kalaba alikaa Lubumbashi zaidi ya muongo mzima. Stoppila Sunzu, aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, alikuwa mchezaji wa Mazembe siku hiyo. Ukifika Ndola ukisema jina la Kalaba, mwenye nyumba ya wageni anaweza kukushushia bei. Ukifika ukisema Zambia hawajui mpira, anaipandisha.

Karibu na Ndola, pembeni ya barabara inayotoka Kitwe, kuna njia ya kwenda mahali ndege ya Dag Hammarskjöld ilipoanguka Septemba 1961. Katibu mkuu huyo wa Umoja wa Mataifa alikuwa njiani kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, juu ya vita vya huko. Msafara wa mpira hausimami hapo mara nyingi. Ukiwa na saa moja ya ziada, simama. Wazee ndani ya basi watakuwa na la kusema, na vijana wengi hawajawahi kusikia.

Usiku Ndola: nyumba za wageni mbili zilizo jirani ni bora kuliko moja kubwa yenye baa. Mazoezi ya fanfari yanafanyika kabla ya jua kuzama, dakika arobaini, na yanahusu jambo moja tu, yaani jinsi ya kuanza na jinsi ya kusimama. Nyimbo zote wanazijua. Wasichojua ni kumalizia pamoja.

Jumamosi, mechi

Chakula kikubwa ni saa nne asubuhi: nshima, samaki, mboga za majani. Baada ya saa sita ni matunda na maji. Anayepuliza tarumbeta asinywe soda, gesi inarudi kooni wakati wa kupuliza, na asile karanga. Pombe haipandi basi. Si suala la maadili: mlevi mmoja kwenye jukwaa la wageni anawapa polisi sababu ya kuondoa safu nzima.

Uwanja wa Levy Mwanawasa, uliofunguliwa 2012, unachukua watu wapatao 49,800. Kamalondo, uwanja wetu wa tangu 2011, ni wa watu kama 18,500. Tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza mashabiki wetu. Kamalondo majukwaa yako karibu, paa linarudisha sauti, watu mia wanaweza kuuamsha uwanja. Huku watu 26 waliotawanyika hawasikiki hata na wao wenyewe.

Kuweni getini saa tatu kabla ya mpira. Upekuzi wa wageni ni wa polepole. Chupa, viberiti, fataki, miavuli na fimbo za mbao vinabaki kwenye basi. Mvua inakabiliwa kwa mifuko mikubwa ya plastiki iliyotobolewa kichwani na mikononi. Polisi anaweza kutaka kuona ndani ya ngoma. Ndiyo maana ufunguo wa skrubu uwe mfukoni mwa mpigaji: anaifungua mwenyewe, taratibu, anaonyesha, anaifunga. Asipokuwa nao, kisu kinaweza kutumika.

Ndani, ngoma kubwa inakaa chini katikati, safu ya pili au ya tatu. Makosa ya kawaida ni kuiweka juu kabisa "ili isikike". Ikiwa juu, walio chini wanaipa mgongo na hawaoni fimbo. Na fimbo ndiyo kila kitu, kwa sababu sauti haifiki papo hapo. Inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliye mita 70 kutoka kwenye ngoma anaisikia ikiwa imechelewa sehemu ya tano ya sekunde, na kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika hiyo inakaribia nusu ya pigo. Akiimba kwa kufuata sikio, yeye tayari yuko nyuma; aliye nyuma yake anamfuata yeye; baada ya nusu dakika wimbo umekuwa nyimbo tatu. Tazama fimbo, piga kofi fimbo inapogusa, sikio liache. Msafara mdogo ukae umebanana, safu nne za watu sita au saba, hata kama viti vitupu vimejaa pande zote.

Skrubu zinakazwa sasa, dakika kumi na tano kabla ya timu kutoka. Tarumbeta ipulizwe hewa tu kwanza: ikiwa baridi sauti yake iko chini, ikipata joto inapanda, na tarumbeta mbili zisizopashwa moto sawasawa zinagombana mbele ya watu.

Dakika tisini zinapangwa. Dakika kumi za mwanzo ni nguvu zote, timu isikie kwamba mko. Kuanzia hapo hadi nusu saa, ngoma ndogo peke yake na makofi. Robo ya mwisho ya kipindi, nguvu tena. Wapiga tarumbeta wanapokezana kila dakika kumi na tano; midomo iliyopuliza mfululizo inavimba na haitoi noti za juu dakika ya themanini, ndizo zinazohitajika. Mpigaji wa ngoma kubwa naye abadilishwe mapumzikoni, hata akikataa. Atakataa.

Sheria inayotenganisha mashabiki na watazamaji ni ya bao la kufungwa. Ngoma inaanza tena kabla mpira haujawekwa katikati. Si baada ya kuangaliana, si baada ya kumlaani kipa. Mpigaji hahitaji kupewa amri, na ambaye hawezi kupiga wakati huo asipewe fimbo, hata awe hodari kiasi gani timu ikiongoza.

Wala bao moja la ugenini katika kipigo si kitu cha kudharau. Mwaka 2009 Mazembe ilifungwa 2–1 na Heartland huko Nigeria, ikashinda 1–0 Lubumbashi, na ubingwa wa Afrika ukaja kwa bao lile la ugenini. Kwenye makundi, timu zikilingana pointi hutazamwa kwanza matokeo baina yao. Kwa hiyo mkiwa nyuma 2–0 dakika ya themanini na tano, bado kuna kazi ya kufanya, na anayekunja bango saa hiyo hajui mashindano anayoyatazama.

Bao letu likiingia, mtu atataka kucheza kama Robert Kidiaba, kukaa chini na kurukaruka kwa makalio. Kidiaba alifanya hivyo kwenye nyasi, na dunia nzima iliona Abu Dhabi mwaka 2010, Mazembe ilipoitoa Internacional ya Brazili 2–0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Jukwaa ni zege. Kiuno kinachovunjika Ndola kinarudi Lubumbashi kwa mwendo wa saa sita. Cheza ukiwa wima.

Kwenye majukwaa haya utasikia pia Kiswahili cha Watanzania. Tangu Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walipokuja Lubumbashi 2011, Mazembe ina watu wake Dar es Salaam. Samatta alifunga kwenye fainali ya 2015 dhidi ya USM Alger, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Wakaribishwe karibu na ngoma. Wanakuja na sauti, na kwenye uwanja wa watu elfu arobaini na tisa huwezi kuchagua.

Filimbi ya mwisho haimaanishi kuondoka. Wageni wanabaki nusu saa hadi dakika arobaini na tano, wenyeji watoke kwanza. Muda huo ni wa kazi: maji yamwagwe kutoka kwenye tarumbeta, ngoma ilegezwe, bango likunjwe, chupa na mifuko iokotwe, namba moja hadi 26. Mkishinda, jezi zivaliwe shati juu hadi mfike kwenye basi. Mkishindwa, vilevile, mlevi wa upande ulioshinda ana matusi kuliko wa upande ulioshindwa.

Jumapili, kurudi

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kitwe na Chingola zinapita upesi.

Jaribu la kurudi ni unga. Unga wa mahindi wa Zambia ndio unaolisha sehemu kubwa ya Katanga, na bei yake Chililabombwe inashawishi. Lakini Zambia huzuia mara kwa mara kuutoa nje ya nchi, na gunia la kilo 25 chini ya kiti linaweza kulishika basi lote. Mfuko mmoja mdogo kwa mtu, ukiwa wazi, baada ya kuuliza hali ya wiki hiyo. Zaidi ya hapo, hapana.

Kwacha zilizobaki zibadilishwe upande wa Zambia. Sarafu za chuma hazibadilishwi, zinunulieni maji. Karatasi ya vyombo yenye muhuri itolewe pamoja na pasipoti. Lengo ni kuwa mmeondoka Kasumbalesa kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu kilomita 90 za mwisho hazifai kuendwa usiku: malori yaliyoharibika huachwa barabarani bila taa, na tawi la mti lililowekwa nyuma yake kama onyo huonekana ukiwa umeshafika.

Ndani ya basi, kati ya mpaka na mji, mweka hazina anasoma hesabu kwa sauti, bahasha kwa bahasha, katibu akilinganisha na daftari. Ifanyike hapo. Wakishashuka Kamalondo kila mtu ana nyumba yake, na mbele ya geti kuna jirani wa Lupopo aliyevaa bluu na njano akisubiri kuuliza matokeo anayoyajua tayari. Hesabu iliyoahirishwa hadi Jumatano inasomwa kwa watu wanne.

Salio linalipa kwanza kilichoharibika. Tarumbeta zioshwe kwa maji ya uvuguvugu usiku huo huo. Ngozi ya ngoma ikiwa na ufa hata wa sentimita moja ukingoni, inavuliwa na nyingine inaagizwa kesho yake, kwani mechi ya nyumbani na timu ile ile iko kwenye ratiba na fanfari ya wageni nayo itavuka Kasumbalesa ikija kwetu. Wenyeji wa Ndola watakuwa wameweka mtu getini wa kuwaelekeza ninyi njia. Atafutwe wa kufanya hivyo hivyo Kamalondo, anayejua Kibemba.